Paka wa Ndani, Paka wa Nje

Chumba cha mbele cha nyumba ya Fundi Makochi kilikuwa karakana. Makochi ya mtaa mzima yalipelekwa hapo yakizeeka. Kochi liliingia limebonyea, springi zimechomoza, kitambaa kimechanika. Fundi alilivua nguo, kama alivyopenda kusema mwenyewe, likabaki mifupa ya mbao. Kisha alikaza springi, akaweka sponji mpya, akavuta kitambaa na kukigongelea vijisumari. Kochi likatoka limenona.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na watu wawili. Fundi alikuwa wa nyundo, mke wake alikuwa wa cherehani. Kisha mke akaugua, na ugonjwa haukumkawiza. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa akiishi mji mwingine, anashona nguo kiwandani. Alipopata habari za ugonjwa alipanda basi siku hiyohiyo. Alipofika nyumbani alikuta viatu vya watu vimejaa mlangoni. Hakuuliza. Alijua.

Baada ya msiba wageni walirudi makwao, lakini binti hakurudi kwake. Hakuna aliyemwomba abaki. Asubuhi moja alikaa tu kwenye kiti cha mama yake, akatunga uzi kwenye sindano ya cherehani, akangoja. Baba yake alimtazama kidogo, akampa kitambaa. Yakaisha hapo.

Tangu siku hiyo walizungumza habari za kazi tu. Upana wa kitambaa. Rangi ya uzi. Mteja yupi anakuja lini. Habari za marehemu hakuna aliyezigusa. Kila mmoja aliogopa kumtonesha mwenzake kidonda, na kwa kuogopa hivyo, kila mmoja aliuguza chake peke yake.

Wa tatu nyumbani alikuwa Pamba. Pamba alikuwa paka dume, mweupe, mzito, mwenye adabu zake. Mke wa fundi alimlea tangu akiwa mdogo wa kuenea kwenye kiganja. Pamba alilala juu ya mabaki ya sponji, na haja yake aliifanya kwenye boksi la mchanga jikoni. Hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu.

Lakini miezi michache baada ya msiba, Pamba akabadilika.

Binti ndiye aliyemwona kwanza. Pamba hakuchuchumaa kama zamani. Alisimama, akaligeuzia mgongo kochi lililokwisha kushonwa, akainua mkia unaotetemeka, akarusha mkojo kwenye pembe ya kochi. Kesho yake akarusha kwenye mlango wa nyuma. Kesho kutwa kwenye robota la kitambaa. Harufu yake ilikuwa kali, ya kuchoma pua.

Fundi alimtetea. Alisema paka naye ana msiba wake.

"Sisi tunalia," alisema. "Yeye kulia hawezi. Ameona akojoe."

Binti alikaribia kucheka, kisha akakumbuka kwamba kitambaa kile ni yeye atakayekifua. Alisugua sakafu kwa dawa kali ya madoa, ile inayotoa machozi. Ilipokauka, Pamba alirudi kunusa palepale, akarusha tena.

Yalikuwapo mambo mengine, lakini hawakuyaunganisha. Pamba alikuwa akikaa kwenye dirisha la nyuma saa nzima, anaunguruma, mkia umetuna kama brashi. Usiku walisikia makelele ya paka ukutani. Kisha wakamwona mwenye makelele. Alikuwa dume wa kijivu, kichwa kipana, sikio moja limechanika, mbavu zinahesabika. Alipita juu ya ukuta kama mwenye nyumba. Fundi akampa jina la Jambazi. Kila alipomwona alimrushia kipande cha mbao. Jambazi aliondoka, na baadaye akarudi.

Siku moja mteja aliwarudishia kochi. Alikuwa mwanamke mpole, hakuwafokea. Alieleza tu kwamba wageni wake waliketi, wakatazamana, wakahamia kwenye mkeka. Kumbe maneno ya upole huuma zaidi. Fundi hakuwahi kurudishiwa kazi tangu aanze ufundi. Alilivua kochi lile upya, na usiku ule hakula.

Binti alisema paka atolewe. Baba yake alimwomba ampe muda, kwa kuwa paka alikuwa wa mama yake. Walikubaliana nusu kwa nusu: Pamba ataendelea kulala ndani, ila bakuli lake la chakula litawekwa nje, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ili ajizoeshe kukaa uani.

Hawakujua kwamba wameandaa karamu ya vita.

Asubuhi iliyofuata, binti alifungua mlango wa nyuma kumwaga maji. Jambazi alikuwa ameinama kwenye bakuli. Pamba akapita katikati ya miguu ya binti kama jiwe lililorushwa. Paka wawili wakawa mpira mmoja wa manyoya na kucha, unabingirika na kupiga yowe. Fundi alitoka mbio. Hakufikiri. Alitumbukiza mkono katikati yao, akamshika Pamba mgongoni.

Pamba aligeuka, akamuuma. Meno yake yalizama kwenye kiungo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia. Jambazi akaruka ukuta. Pamba akaachia, akasimama akihema, anamtazama fundi kama mtu asiyemfahamu.

Damu haikuwa nyingi. Fundi aliifuta kwa kitambaa, akakimwagia kidonda mafuta ya taa kidogo kama alivyowaona wazee wake wakifanya, akafunga kwa utepe wa nguo, akarudi kwenye nyundo yake.

Lakini binti alikuwa ameona damu ya baba yake. Alikuwa na mzazi mmoja tu aliyebaki. Alimbeba Pamba, akamweka nje, akafunga mlango kwa komeo. Baba yake alimwona. Angeweza kusema neno. Hakusema.

Pamba alikwaruza mlango mpaka jioni. Kisha hakusikika tena.

Siku zilipita. Fundi alikuwa akitoka uani kila asubuhi kwa kisingizio cha kutafuta kitu. Akiulizwa anatafuta nini, alisema anatafuta koleo. Binti alijua koleo liko wapi. Naye, alipodhani baba hamwoni, alifungua dirisha na kuita kwa sauti ndogo.

Pamba alirudi mwenyewe, kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Alikuwa anachechemea. Weupe wake umekuwa wa tope. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba, na jicho la upande huo limefungwa kwa usaha. Alijikokota mpaka chini ya meza ya kukatia, akalala juu ya vipande vya sponji, akakaa kimya.

Binti aliweka mkono mdomoni, akaenda jikoni. Fundi alimsikia akifungulia maji, na maji yale yalimwagika muda mrefu bila kuosha chochote. Baadaye alikuja na maji ya chumvi, wakamsafisha Pamba pamoja. Waliamini atapona mwenyewe. Paka ana roho tisa, walisema. Wakangoja, na kungoja kukazidisha ugonjwa.

Wakati huo mkono wa fundi nao ulikuwa umeumuka kama mkate. Aliuficha mfukoni. Akagonga misumari kwa mkono wa kushoto.

Hivyo ndivyo daktari wa wanyama alivyomkuta. Alikuja kuchukua viti vyake, vile wanavyokalia watu kwenye zahanati yake wakisubiri zamu. Alikuwa mama wa makamo, msemaji wa sauti ya chini. Alisalimia, akasimama mlangoni, akanusa. Akauliza paka yuko wapi. Alipoinama chini ya meza alimtazama Pamba muda mfupi tu, kisha akainuka na kumtazama fundi.

"Mzee wangu, mbona unagonga kwa kushoto?"

Fundi alisema amechoka mkono wa kulia tu. Daktari akanyoosha kiganja chake, akangoja, kama anavyongojwa mtoto aliyeficha kitu. Fundi akautoa mkono. Kidole kilikuwa chekundu kinang'aa, na mstari mwekundu ulikuwa unapanda kuelekea kiwiko.

"Nani kakuuma?"

"Huyo huyo. Ni kidonda kidogo, Daktari."

"Kwa macho ni kidogo. Jino la paka ni kama sindano. Linaingia mpaka kwenye kiungo, linaacha uchafu, halafu ngozi inajifunga juu yake. Usaha unabaki ndani unakula." Alimgeukia binti. "Dada, tafuta usafiri. Huyu anakwenda hospitali sasa hivi, si kesho."

Usafiri ulipokuwa unatafutwa aliwaeleza mengine. Mtu akiumwa na paka au mbwa, aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa robo saa. Asitie mafuta ya taa, wala majivu, wala asikifunge kwa kukaza. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kama tundu la sindano.

"Na si usaha peke yake," alisema. "Kuna kichaa cha mbwa. Kinaitwa cha mbwa, lakini paka naye hukipata, na akimuuma mtu humwambukiza. Kikishajitokeza hakina tiba. Dawa yake ni kuwahi sindano. Huyu paka amechanjwa?"

Baba na binti walitazamana. Mambo hayo alikuwa akiyashughulikia marehemu. Hakuna kati yao aliyejua.

Daktari alimfunga Pamba ndani ya taulo, akamchukua. Fundi akaenda hospitali.

Walimlaza. Walimpasua kidole wakakamua usaha, wakampiga sindano za usaha na za kichaa cha mbwa, wakampa tarehe za kurudia. Mganga wa pale alimwambia kwamba angechelewa zaidi, wangekata. Kidole kilibaki, ila alimwonya kwamba huenda kisikunjike tena. Fundi alikitazama kidole kilichofungwa bandeji. Hicho ndicho alichozoea kushikia kijisumari kabla ya nyundo kutua. 

Alikuwa na muda mwingi wa kulala chali na kuwaza, na mawazo yake yote yalikwenda kwa Jambazi. Yeye ndiye aliyeleta balaa lote. Fundi aliamua: akitoka, atanunua sumu ya panya, ataichanganya na samaki, ataiweka ukutani. Alimweleza hivyo jirani yake, Mama Mikate, alipokuja kumwona. Mama Mikate alioka mikate nyuma ya nyumba yake, na ua wake na ua wa fundi ulitenganishwa na ukuta mfupi.

Mama Mikate alikuwa msemaji. Siku hiyo alichezea kwanza ncha ya kanga yake.

"Fundi, huyo unayemwita Jambazi, mkeo alimwita Mgeni."

Fundi hakuelewa.

"Nilidhani unajua," alisema Mama Mikate. "Kila asubuhi, wewe ukiwa unafagia karakana, mkeo alitoka na vichwa vya samaki. Alivipeleka nyuma ya tangi la maji, kule mwisho wa ua. Yule paka alikula pale, akaondoka. Hakusogea mlangoni hata siku moja. Mkeo aliniambia, 'Mwenye njaa ukimlisha mbali, hatakuja kugombana karibu.'"

Fundi aliuliza mambo hayo yalikuwa ya muda gani. Mama Mikate alisema ni miaka.

"Alipofariki, yule paka aliendelea kuja. Nilimwona kutoka kwenye tanuri langu. Alikaa nyuma ya tangi asubuhi nzima, anatazama mlango. Siku nyingi, Fundi. Nikasema nitamtupia kitu, nikashikwa na kazi zangu. Mwisho njaa ikamfikisha mlangoni kwako."

Mama Mikate alipoondoka, fundi alijigeuza akaelekea ukutani. Alikuwa ameishi na mkewe ujana wake wote na utu uzima wake wote. Alijua alivyokohoa, alivyokunja shuka, alivyokasirika. Na kila asubuhi, umbali wa vyumba viwili, alikuwa akifanya jambo ambalo yeye hakuliona hata mara moja. Alijiuliza ni mambo mangapi mengine yalikuwa yakienda sawa nyumbani mwake kwa sababu yake, naye akidhani yanakwenda yenyewe. Alilia ukutani pale, bila sauti, ili wagonjwa wenzake wasisikie.

Siku aliyotoka hospitali, daktari wa wanyama alikuja nyumbani na habari za Pamba. Jicho halikuokoka. Kidonda kilikuwa kimeoza ndani, akalazimika kulitoa. Lakini atapona. Daktari atakaa naye mpaka zipite siku kumi na zaidi kidogo tangu siku aliyomuuma fundi, kwa sababu paka mwenye kichaa hawezi kumaliza siku hizo akiwa mzima.

Binti alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya cherehani. "Ni mimi niliyefunga mlango," alisema.

"Na mimi nilikuwepo," alisema baba yake.

Daktari hakuwalaumu. Aliomba kuzungushwa nyumba, akatazama kila kitu: dirisha la nyuma, ngazi, bakuli, mwanya uliokuwa chini ya mlango. Kisha akawaketisha.

Aliwaambia kwamba Pamba hakukojoa kwa wivu wala kwa kisirani. Alikuwa anaweka mpaka, kama mkulima anavyoweka uzio kwenye shamba lake akiona jirani anasogea. Kila alipomwona yule mwingine dirishani, aliongeza mpaka. Dawa kali ya madoa ilizidisha mambo, maana baadhi ya dawa hizo pua ya paka huzinusa kama mkojo wa paka mgeni. Mkojo uoshwe kwa sabuni na maji, upanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji, uanikwe.

"Na siku ile aliponiuma?" aliuliza fundi. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma kuliko kidole. "Nimemlea, Daktari. Alinitazama kama adui."

"Hakukuona wewe, Mzee. Paka akiwa kwenye pigano hana rafiki. Kila kinachomgusa ni meno ya mwenzake. Kwa hiyo mkono hauingii pale, hata uwe wa mama yake. Gonga sufuria. Mwaga maji karibu yao. Au telezesha ubao katikati, wewe si unazo mbao? Wakiachana, kila mmoja mpe njia yake ya kukimbilia, kisha mwache atulie peke yake. Usimbebe, usimbembeleze."

Fundi alimweleza habari ya vichwa vya samaki na ya sumu aliyotaka kununua. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Sumu haichagui," alisema. "Ataila Jambazi, ataila Pamba, ataila kuku wa jirani, siku nyingine mtoto ataiokota. Na ukimwondoa paka mmoja pahali penye chakula, anakuja mwingine. Marehemu alikuwa ameshapata nusu ya dawa. Mlisheni mbali, kwa saa ile ile, mkiondoe chombo akimaliza. Sisi tuongeze nusu iliyobaki."

Nusu iliyobaki ilikuwa kuwahasi madume wote wawili na kuwachanja. Dume aliyehasiwa, alieleza, hupunguza kuzurura, kupigana na kurusha mkojo. Si siku hiyohiyo, ni baada ya majuma kadhaa, damu ikipoa. Alisema pia atampima yule wa nje damu yake, maana yapo maradhi ya paka yanayopita kwenye meno. Hayamwambukizi mtu, lakini paka huambukizana, na huwaua.

Aliwaachia mtego wa waya wenye mlango unaojifunga. Wakauweka nyuma ya tangi, ndani yake kichwa cha samaki. Mgeni aliingia asubuhi ya kwanza. Fundi alipofika alimkuta amejibana kwenye kona ya mtego, macho yamemtoka. Hakuwa jambazi wa kumtisha mtu. Alikuwa mzee. Alikuwa na makovu puani na meno machache. Fundi alifunika mtego kwa shuka ili paka asiogope, kama alivyoelekezwa, na akabaki amechutama pale kwa muda.

"Hatuna habari njema nyumbani, Mgeni," alimwambia. "Aliyekuwa akikulisha hayupo."

Damu ya Mgeni ilikuwa safi. Akahasiwa, akachanjwa, akarudishwa uani.

Pamba naye akarudi, amehasiwa na kuchanjwa, ana jicho moja, ngozi imeshonwa mahali pa jingine. Siku za kwanza binti hakuweza kumtazama usoni. Alimwekea chakula akiwa amegeuza shingo. Pamba hakujua kinyongo ni kitu gani. Alipanda mapajani mwake wakati cherehani inakwenda, akalala, na binti akashona na machozi yakidondoka juu ya kitambaa cha mteja.

Walibadilisha mambo. Fundi alikata turubai akaziba kioo cha chini cha dirisha la nyuma, Pamba asione uani. Aligongelea ubao kwenye mwanya wa mlango. Bakuli la Pamba likarudi jikoni. Boksi la mchanga likawa linasafishwa kila siku, na la pili likawekwa karakana. Na kila asubuhi fundi aliacha ufagio, akaenda nyuma ya tangi na vichwa vya samaki. Mgeni hakutoka mpaka fundi alipokaa mbali. Kisha alikula haraka haraka, macho yakiwa kwa mtu.

Majuma yakapita. Makelele ya ukutani yakaisha. Harufu ikaisha. Mteja yule aliyerudisha kochi alileta na viti vyake vya kulia. Kidole cha fundi kilibaki kimenyooka, kama kinamwonyesha mtu njia. Alijifunza kushika kijisumari kwa vidole vingine, na kazi ilikwenda polepole.

Mvua zilipoanza, Mgeni alihitaji pa kujikinga. Fundi alimtengenezea sanduku la mbao lenye sponji chini ya upenu, karibu na mlango wa nyuma kuliko zamani. Alimuuliza daktari kama haitaleta vita tena. Daktari alimfundisha namna ya kuwazoesha. Kila mmoja ale upande wake wa mlango uliofungwa. Siku za kwanza mabakuli yawe mbali. Wakila bila kuunguruma, yasogezwe kidogo. Akiunguruma mmoja, yarudishwe nyuma. Wabadilishiwe vitambaa vya kulalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake akiwa anashiba. "Wasiharakishwe," alisema. "Na si lazima wapendane."

Basi kila asubuhi fundi alikaa nje, chini ya upenu, na Mgeni, ubao wa kuwatenganisha ukiwa tayari nyuma yake. Binti alikaa ndani, kwenye sakafu ya jikoni, na Pamba. Kati yao ulikuwa mlango.

Mwanzoni waliambizana habari za paka tu. "Wako anakula?" "Anakula." "Ameunguruma?" "Kidogo." Mabakuli yakasogea. Lakini mlango uliofungwa una jambo lake. Mtu haoni uso wa mwenzake, na mwenzake haoni wake. Siku moja, mvua ikinyesha, binti aliuliza kitu alichokibeba tangu siku ya viatu mlangoni.

"Baba, mama alisema nini mwishoni?"

Fundi alilisogeza bakuli la Mgeni, akalirudisha palepale.

"Alinitania," alisema. "Alisema, 'Fundi wa makochi mtaa mzima, mimi mkeo nalala juu ya jiwe.' Mgongo ulikuwa unamuuma. Nikacheka. Nikamwambia ngoja nikuletee sponji. Nikaenda karakana. Nikachagua ile laini, nikaikata vizuri, kingo zisimsumbue. Nilichelewa kwa kuikata vizuri, mwanangu. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Sikuwepo chumbani."

Mvua ilipiga bati. Pamba alimaliza chakula, akajilamba. Nyuma ya mlango binti alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Sijamwambia mtu," alisema fundi. "Wanaponiuliza, nasema alifia mikononi mwangu."

"Baba," alisema binti. "Alikuwa anakungoja huku anacheka."

 Binti alisikia pumzi ya baba yake ikikatika, na hapo akasahau mambo yote ya daktari. Alisimama, akavuta komeo, akafungua mlango.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, mabega yanatikisika, mkono wenye kidole kilichonyooka juu ya goti. Binti alipiga magoti akamkumbatia, hapo hapo kizingitini, nusu ndani, nusu kwenye mvua. Walilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Fundi ndiye aliyekumbuka. Aliinua kichwa, akapapasa nyuma yake kutafuta ule ubao.

Mabakuli mawili yalikuwa yanatazamana, hayana kitu. Pamba alikuwa amesimama ndani, Mgeni nje. Pamba alinyoosha shingo, akaligeuza jicho lake moja apate kuona vizuri. Mgeni alirudi nyuma hatua moja, akaketi. Hakuna aliyeunguruma. Walitazamana hivyo kwa muda, kama majirani waliosikiana ukutani miaka mingi. Kisha Mgeni akaingia kwenye sanduku lake, na Pamba akageuka, akarudi kulala karakana.

"Tufunge mlango?" aliuliza binti.

"Uache kidogo," alisema baba yake.